Kitafuta-samaki kilichonitafutia presha
Hasira hizi nimekaa nazo tangu msimu uliopita, leo nazitua. Kila nikistati mashine ya boti, skrini ya kifaa changu cha kutafutia samaki inazima. Ikirudi, imejaa mistari ya wima kama mvua, na kina kinasomeka mita 2 mahali ambapo nanga imemaliza kamba yote.

Nikakipeleka kwa fundi wa duka lililoniuzia. Hakuniuliza swali hata moja. Akakichomeka pale mezani, skrini ikawaka, samaki wakaanza kupita, wakubwa kwa wadogo. "Mzee, kifaa kizima hiki. Labda wewe ndiye hujui kukitumia." Mbele ya wateja! Nikaondoka nimenywea. Nusu ya njia ndipo akili ikanirudia: transdyusa, ile sehemu inayotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, nimeiacha imefungwa nyuma ya boti. Sasa wale samaki walitoka wapi, kwenye sakafu ya duka? Kumbe kifaa hiki kikikosa transdyusa hujiingiza chenyewe kwenye maonyesho, ile picha ya kuvutia wanunuzi. Halafu asiyejua kukitumia ni mimi.

Nikaazima mita ya umeme. Kwenye betri volti 12.6, safi kabisa. Nikapima kwenye plagi ya kifaa huku mwenzangu akistati: chini ya 10. Waya mwembamba, umeungwa pamoja na pampu ya kufua maji, na pini moja imeota kutu ya kijani. Nikasafisha pini, nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi yake peke yake, mbali na nyaya za mashine. Kuzima kukaisha, mvua ikakatika. Kina kikabaki kurukaruka nikienda kasi tu. Hayo yalikuwa mapovu, transdyusa ilifungwa juu mno. Nikaishusha kidogo, ikatulia.

Nilikusudia kukipa nyota moja. Haki ya Mungu kinastahili nne, maana sasa mwamba na kundi la samaki navitofautisha bila kubahatisha. Basi tatu, kwa sababu ule waya mwembamba ulitoka nao kwenye boksi. Duka, sifuri. Sifuri na nusu, kama yule kijana ataomba radhi.

Juzi skrini ikawa nyeusi tii tena. Nimeshaanza kutukana, nikainamisha kichwa upande, picha ikarudi. Ni miwani yangu ya kukata mng'ao wa maji. Hilo fundi asilisikie.