Mpira wa dayalisisi ya tumbo: bingwa wa figo au dokta wa upasuaji?

Kwa mnaouliza hapa Mbeya nani anaweka mpira wa dayalisisi ya tumbo (ile ya kusafisha damu figo zikishindwa, kwa maji maalum yanayoingizwa tumboni na kutolewa), mama yangu aliwekewa na bingwa wa figo mwenyewe na kwa kweli nawapa maua yao. Hakupigwa nusu kaputi, ni ganzi tu chini ya kitovu, ikaingia sindano, kisha waya mwembamba, halafu mpira wenyewe, unaitwa Tenckhoff, ukapita kwenye njia hiyohiyo, na muda wote mama anapiga stori na nesi kwa Kinyakyusa. Foleni ya thieta hatukuiona kabisa!

Ila mgonjwa mwenzake alishapasuliwa tumbo zamani, yeye walimpeleka kwa dokta wa upasuaji na naona walifanya sawa, maana yule anaingiza kamera, anaona utumbo ulioshikana na makovu na anauachanisha, ukichoma sindano bila kuona hapo unaweza ukatoboa utumbo.

Dawa ya kulainisha choo mama walimpa mapema, safi sana, choo kikigoma mpira unahama na maji hayatoki.

Napunguza nyota moja: habari ya kusubiri kama wiki 2 kabla ya kuanza dayalisisi, kidonda kishike ndo maji yasivuje, tumeambiwa tukiwa mlangoni tunatoka, jamani semeni mapema, watu wanatoka Tukuyu huko wanapanga nauli.