Ubalozi wetu wa Kenya kule Ghuba: nyota 4, moja nimeibana

Nyie wenye watoto ama dada zenu kule Ghuba nisomeni. Mdogo wangu alitoka hapa Malindi, kwetu Maweni, akaenda kufanya kazi za nyumbani, kufika tu kafili, yule tajiri aliyemdhamini, akachukua paspoti, mshahara miezi miwili hauonekani, na siku alotoroka alitoka na nguo alizovaa na simu basi. Tena ilikua Alhamisi jioni na kule alikokua wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ofisi zimefungwa. Mama halali. Nikapiga ile namba ya dharura ya ubalozi kwa kukata tamaa tu, ikashikwa mlio wa pili.

Yule afisa simjui sura lakini wallahi Mungu ambariki, cha kwanza aliuliza yuko wapi, yuko salama, amekula? Karatasi zikafuata baadae. Na hakunipa maneno matamu, alinambia dada yangu, hatuwezi kuingia nyumba ya mtu tukatoe paspoti, wala kumtoa mtu polisi kwa nguvu, hii nchi ya watu na sheria ni zao. Tunachoweza ni kumpa hati ya dharura ya kusafiria, kuongea na kafili, na akishikwa ana haki ya kuomba ubalozi wake uambiwe, hiyo imo kwenye mkataba wa Vienna wa 1963. Usiku ule nlijua pa kushika, hata mama akalala kidogo.

Kilichotuokoa ni kopi, maana lazima wahakikishe ni Mkenya kweli ndo watoe hati. Mama alikua ameweka kopi ya paspoti na kitambulisho ndani ya sanduku la kanga, nikazipiga picha nikatuma WhatsApp. Ajenti alompeleka simu hashiki mpaka leo. Fanyeni kopi jamani, kabla mtu hajapanda ndege, ziwe mbili nyumbani na moja kwa simu.

Sasa hiyo nyota moja. Mdogo wangu alipanga foleni nje juani toka asubuhi mpaka adhuhuri, na kina mama wana watoto wachanga mgongoni, dirisha moja mtu mmoja, halafu akarudishwa sababu ya picha ndogo ambayo kwa simu hakuna alotwambia. Kesho yake tena. Wiki 3 za kungoja kibali cha kutoka siwalaumu, hiyo ni serikali ya kule. Ila wakiweka turubai pale nje na mtu wa pili dirishani nairudisha hiyo nyota siku hiyo hiyo.