Honi ya upepo kwenye Boxer yangu: nilivyoifunga na inavyonisaidia njia ya Moshi–Boma Ng'ombe

Mimi ni mtabibu wa mifugo. Kazi inanipitisha barabara ya Moshi kwenda Boma Ng'ombe karibu kila siku, na kutoka hapo napanda Machame au naelekea Sanya Juu, boksi la dawa likiwa nyuma ya pikipiki yangu, Boxer BM 150. Anayeifahamu njia ile anaujua mteremko wa Kikafu: malori yanashuka na mzigo, Costa zinaovateki penye kona, na wa pikipiki ndiye anayetegemewa akimbilie pembeni. Honi iliyokuja na pikipiki inamtosha mtu anayevuka na ndoo kichwani. Dereva wa semi aliyepandisha vioo na kufungulia redio haisikii. Kwa hiyo nilinunua honi ya upepo, nikaitumia masika na kiangazi, na sasa naweza kuieleza.

Yangu ni ile nyekundu ya umbo la konokono, ambayo mota, pampu na tarumbeta vimeshikana kitu kimoja. Haina mtungi wala mpira mrefu wa upepo. Niliipata duka la spea hapa Moshi mjini kwa elfu arobaini na tano, na boksi lake limeandikwa desibeli 150, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Namba hiyo msiifuate. Desibeli bila kutajiwa umbali haikuambii kitu, kwa sababu sauti inapungua kadiri unavyosogea mbali: kila umbali unapoongezeka mara mbili, inashuka desibeli 6 hivi. Honi iliyopimwa desibeli 130 kwa sentimita 10 inabaki na kama 104 ukiwa mita 2. Hizo 104 bado ni nyingi sana barabarani. Lakini mtu akikuuzia kwa bei ya juu eti hii ni 150 na ile ni 130, muulize imepimiwa wapi.

Sasa kufunga, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, maana honi yenyewe wengi wananunua nzuri kisha inaharibu pikipiki.

Fundi wa kwanza niliyemwendea aliitazama akaniambia, "Dada, hii dakika kumi tu. Natoa ile ya zamani, nachomeka hii kwenye waya zake." Nilimshukuru nikaondoka nayo. Honi ya kawaida ya pikipiki inakula ampea 2 au 3. Pampu ya honi ya upepo inavuta 15 hadi 20. Swichi ya pale mkononi na zile waya nyembamba zimetengenezwa kwa mzigo mdogo. Ukizipitishia huo mkubwa, ncha za swichi zinaungua, plastiki inalainika, au fyuzi inakatika. Na pikipiki nyingi ndogo zina fyuzi moja inayolinda karibu kila kitu. Fikiria uko Kikafu saa mbili usiku, umebonyeza honi kumzuia mtu asikugonge, halafu taa na indiketa zinazimika pamoja na hiyo honi.

Dawa yake ni rilei, yaani swichi ambayo umeme mdogo unaiamrisha ipitishe umeme mkubwa, ile ya kawaida ya gari yenye miguu minne, bei yake haizidi ya chakula cha mchana. Fundi wa pili, mtu mzima mwenye kibanda chake Majengo, hakuhitaji kuelezwa. Alichukua waya mnene kutoka chanya ya betri, akaweka fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, kisha akaupeleka mguu namba 30 wa rilei. Namba 87 ikaenda kwenye pampu. Waya wa hasi wa pampu akaurudisha moja kwa moja kwenye hasi ya betri, hakuufunga kwenye fremu, kwa sababu rangi na kutu hula umeme. Miguu ya 85 na 86 ndiyo inayoamrisha, na yenyewe inatumia umeme mdogo sana, haifiki hata nusu ampea, hivyo swichi yoyote ndogo inaimudu.

Nilimuuliza kwa nini fyuzi ikae karibu vile na betri. "Waya uliopo kabla ya fyuzi hauna wa kuulinda, mama. Ukichunika ukagusa chuma, ni moto." Alipomaliza maneno hayo nilijua pikipiki iko mikononi mwa mtu wake.

Unene wa waya nao si wa kupuuza. Tulitumia wa milimita za mraba 2.5. Kwa ampea 18, na jumla ya mita mbili za kwenda na kurudi, unapoteza robo ya volti tu. Ule mwembamba wa nusu milimita ya mraba, ambao mafundi wengi wanao mkononi, ungepoteza zaidi ya volti moja kati ya zile 12, na honi ingetoa sauti ya kukaukiwa huku waya ukipata joto.

Mwenye kutaka swichi moja tu, achukue waya mbili zilizokuwa kwenye honi ya zamani na kuzipeleka 85 na 86. Rilei ya kawaida haijali ipi ni chanya, hivyo inafanya kazi iwe swichi ya pikipiki yako inakata chanya au inakata hasi. Mimi nilikataa njia hiyo kwa makusudi. Niliiacha honi ndogo palepale na swichi yake, na ya upepo ikapata kitufe chake pembeni, kinachochukua umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa ili mtoto asiichezee pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Sababu ni ng'ombe. Njia ya Sanya Juu unakutana na makundi yanavushwa, na ng'ombe akishtushwa na mlio mkubwa hakupishi, anageuka ovyo, na mara nyingi anageukia barabarani. Nimeshashona majeraha ya wanyama waliokimbilia magari, sitaki kuwa chanzo cha mengine. Hali kadhalika sokoni Mbuyuni penye mikokoteni, na karibu na hospitali ya KCMC penye wagonjwa. Kule ni honi ndogo, tena kwa kugusa tu. Hii kubwa naiwekea mtu mwenye gari zito anayenijia upande wangu au anayetaka kunibana.

Na inafanya kazi. Mara ya kwanza nilipomwona dereva wa Fuso akirudi upande wake kabla hajanifikia, niliona pesa yangu imerudi. Ila ijulikane kwamba haitoi sauti papo hapo. Pampu inahitaji kuzunguka kwanza, kwa hiyo ukiigusa kidogo kama honi ya kawaida unasikia mkoromo tu. Ishikilie kama nusu sekunde, na uanze mapema. Usiishikilie mfululizo pia, pampu inachemka. Sekunde mbili tatu zinatosha kumwamsha yeyote.

Yangu inatoa mlio mmoja ulionyooka. Dukani kulikuwa na za nyimbo na za ving'ora, nikaziacha, maana king'ora ni cha ambulansi, zimamoto na polisi, na kumfanya dereva apishe kitu ambacho hakipo ni kuwaibia wagonjwa njia.

Malalamiko ninayo. Kibati cha kuishikia kilichokuja nayo ni laini, mtikisiko wa njia ya vumbi ulikipasua, nikachongewa kingine cha bati nene. Maelekezo ya boksini hayakutaja kwamba lazima ikae wima, na mdomo wa tarumbeta uelekee mbele ukiinama kidogo ili maji ya mvua yasitulie ndani. Yangu iko ubavuni mwa gadi ya mbele, mbali na ekzosi, na tulizungusha usukani mpaka mwisho pande zote kabla ya kukaza bolti. Wanaoosha pikipiki kwa pampu ya maji waambieni wasiilenge.

Kuhusu betri, yangu ni volti 12, ampea-saa 5. Ampea 18 kwa volti 12 ni zaidi ya wati 200, na chaja ya pikipiki ndogo haitoi kiasi hicho, kwa hiyo wakati wa kupiga honi ni betri inayobeba mzigo. Kwa milio mifupi injini ikiwa imewaka hukaribii hata kidogo kuimaliza. Lakini ukiijaribu kijiweni injini imezimwa, kuwaonyesha wenzako, utaisikia sauti inashuka kila ukirudia. Mwambie fundi apime kwa mita kabla ya kufunga: injini ikinguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Pikipiki ambayo betri imeshachoka na unaiwasha kwa kiki kila asubuhi, nunua betri kwanza, honi ifuate mwezi mwingine.