Banda la mbao la kuunga mwenyewe: kila kitu poa isipokuwa pa kulala kuku

Kwa mnaofuga kuku wachache nyumbani na mnafikiria haya mabanda ya mbao yanayokuja vipande vipande kwenye boksi, mimi nina miezi minane na langu. Paa halivuji, mlango unafunga vizuri, trei ya kinyesi inachomoka kirahisi, matundu ya hewa yako juu kabisa kwa hiyo harufu kali ya kinyesi haibaki ndani wala upepo hauwapigi wakiwa wamelala. Hapo sina neno. Shida ni vichanja, yaani miti ya kuku kulalia, na kuku mchana kutwa yuko nje anaparua, banda analihitaji usiku, sasa kama pa kulala ni pabovu umenunua nini?

Boksi limeandikwa kuku nane. Ndani kichanja ni kimoja tu, nikakipima kwa futi, sentimita 90. Kuku mmoja wa kawaida anataka kama sentimita 20 mpaka 25, piga hesabu mwenyewe, hapo wanaenea wanne. Mimi ninao sita na usiku wa kwanza ilikuwa kusukumana na kudonoana tu, yule mnyonge wao kila akipanda anashushwa mpaka nikamhurumia.

Halafu kimewekwa chini kuliko viota vya kutagia!! Kuku akitaka kulala anatafuta pa juu, basi siku ya pili nikamulika tochi nikakuta watatu wamejibana kwenye kiota kimoja, na wakilala humo ndo wanakunya humo humo usiku kucha, asubuhi mayai yote machafu.

Kilichoniuma zaidi ni mguu wa mtetea wangu mwekundu. Hicho kichanja ni cha mviringo, chembamba kama mpini wa fagio, na hakikupigwa msasa vizuri, kina vibanzi. Akaanza kuchechemea, nikamgeuza unyayo nikaona uvimbe na kidoa cheusi katikati kama kigaga. Nilimuosha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kumfunga bandeji wiki kadhaa ndo akapona.

Nikakitoa. Nimeweka mbao mbili za inchi mbili kwa mbili, upande bapa juu, kona nimezisugua na msasa mpaka mkono unateleza. Ukiwaangalia usiku utaelewa kwa nini ubapa ni muhimu, kuku anakaa kabisa juu ya vidole vyake na manyoya ya kifua yanavifunika, kwenye ule mpini vidole vilikuwa vinaning'inia nje. Zote nimezipanga kimo kimoja maana ukiziweka kama ngazi wote wanagombea ya juu, ziko juu ya viota lakini hazizidi sentimita 60 kutoka chini kwa sababu kuku wangu ni wazito na kila asubuhi wanaruka kushuka. Kutoka ukutani nimeacha sentimita 30, kati ya mbao na mbao hivyo hivyo.

Kitu kingine, kichanja kilichokuja na banda kinaingia kwenye tundu la ukuta na hakitoki bila bisibisi. Utitiri mwekundu unapenda sana sehemu hizo, mchana umejificha kwenye nyufa, usiku unatoka kunyonya damu. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja usiku kikatoka na michirizi ya damu. Za kwangu nimezikalisha tu kwenye vishikizo vilivyo wazi juu, nikitaka kuosha nazinyanyua.

Sasa hivi jua likizama wanapanda wenyewe, kila mmoja na nafasi yake, na yule mnyonge kajichagulia pembeni kabisa upande wa dirisha, hakuna anayemgusa.

Nyota tatu kati ya tano. Ukilichukua, lihesabu ni la kuku wanne, na mbao za vichanja ziandae kabla kuku hawajaingia.