Lichess kwa anayeanza sataranji: tathmini baada ya miezi minane ya kuitumia Lubumbashi

Mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka 13, alijifunza sataranji kwa kuwatazama wakubwa wakicheza barazani kwetu Bel-Air, katika komuni ya Kampemba, na kwa mwaka mzima hakupiga hatua yoyote. Alijua namna kila kete inavyotembea na alijua kumficha mfalme pembeni, lakini karibu kila mchezo ulimponyoka kwa sababu moja: aliiacha kete yake mahali inapoweza kuliwa bure, na mpinzani alipofanya kosa hilohilo hakuliona. Baridi ya mwezi wa sita ilipoanza kutufungia ndani mapema jioni, nilipakua Lichess, programu ya bure ya kucheza sataranji, kwenye simu yangu tukaanza kuitumia pamoja. Miezi minane imepita. Ninaandika kwa ajili ya mzazi, mwalimu au kijana wa mjini kwetu anayejiuliza kama programu hiyo inaweza kumfundisha mtu kucheza vizuri. Jibu langu ni kwamba inaweza, tena kuliko chombo kingine chochote cha bure nilichowahi kukijaribu, mradi mtumiaji ajue ni sehemu zipi za kuanza nazo na zipi za kuziacha kwanza.

Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Thibault Duplessis, mtengenezaji wa programu kutoka Ufaransa, na huendeshwa na shirika lisilo la faida linaloishi kwa michango ya watumiaji wake. Haina tangazo hata moja, wala somo lililofungiwa hadi ulipe. Anayechangia hupata alama ya mabawa kando ya jina lake, na zana anazotumia ni zilezile za mtoto asiye na faranga mfukoni. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona programu za aina hii zinazomruhusu anayeanza kuonja mafumbo machache kwa siku, kisha zinamdai kadi ya benki, ambayo familia nyingi hapa hazina.

Kabla ya kucheza mchezo wa kwanza, ingia kwenye mipangilio ubadilishe jambo moja dogo ambalo lilitupotezea jioni mbili. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumezoea kwamba herufi R ni mfalme na T ni ngome, lakini herufi za hatua kwenye Lichess hufuata Kiingereza, ambako R ni ngome na mfalme ni K. Mtoto aliyezoea maandishi ya Kifaransa husoma hatua ya ngome akamsogeza mfalme, kisha haelewi kwa nini mchezo anaoufuatilia hauendi sawa. Programu inaruhusu kuonyesha picha ndogo za kete badala ya herufi. Chagua picha hizo.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ukurasa wa mwanzo wenyewe, ambapo michezo ya dakika moja, tatu na tano imepangwa mbele kabisa, nayo huvutia kwa sababu huisha upesi na mpinzani hupatikana ndani ya sekunde chache. Tulianza hapo, na ilikuwa makosa. Anayeanza ambaye ana dakika tatu tu za mchezo mzima hana nafasi ya kujiuliza swali ambalo ndilo msingi wa kila kitu, yaani mpinzani amesogeza kete hiyo kwa nia gani, hivyo hurudia tabia zake mbaya mara ishirini kwa siku. Zaidi ya hayo, Lichess humpa kila mgeni alama 1500, zikiwa na alama ya kuuliza pembeni mpaka mfumo umjue, na kwa mchezaji mchanga alama hizo huporomoka. Wiki ya kwanza mpwa wangu alipoteza zaidi ya 500, akaniuliza kwa uchungu, “Mjomba, mbona najifunza halafu nazidi kuwa mbaya?” Nilimweleza kwamba zile 1500 hazikuwa zake hata siku moja, na kwamba kushuka kule ni programu inayomtafutia watu wa kiwango chake. Kisha tukahamia michezo ya dakika 15 kwa kila mchezaji, inayoongeza sekunde 10 kwa kila hatua. Tangu hapo hatujacheza iliyo mifupi zaidi.

Thamani ya kweli ya Lichess, kwa maoni yangu, iko kwenye mafumbo na kwenye uchambuzi wa michezo yako mwenyewe. Mafumbo yake ni zaidi ya milioni 3, na yote yametolewa kwenye michezo halisi iliyochezwa humohumo, kwa hiyo mtoto hujifunza kuadhibu makosa ambayo watu wa kawaida huyafanya kweli. Unaweza kuyachagua kwa aina. Tulianza na uma, ambapo farasi mmoja anawashambulia mfalme na malkia kwa pamoja. Tukafuata na kupigilia, ambapo kete inashindwa kusogea kwa sababu ikiondoka mfalme wake atabaki wazi. Kisha tukaenda kwenye mbinu ambayo nyumbani tumeipa jina la mshikaki, kwa sababu kete mbili zimetungwa kwenye mstari mmoja, ya mbele ikikimbia ya nyuma inaliwa. Kanuni yetu ni mafumbo kumi na tano kwa siku, na hakuna ruhusa ya kugusa kioo kabla hujataja kwa sauti jibu bora la mpinzani. Kanuni hiyo ilimkera sana mwanzoni. Hata hivyo ndiyo iliyombadilisha, kwani baada ya miezi miwili hivi kete za bure zilianza kupungua kwenye michezo yake. Michezo ya mafumbo ya kushindana na saa ya dakika tatu tuliiacha kando, kwa sababu humfundisha mwanafunzi kubahatisha.

Uchambuzi nao hufanywa na Stockfish, mashine ya kucheza sataranji ambayo hakuna binadamu anayeweza kuifikia kwa uwezo, nayo hugawa makosa yako katika daraja tatu, kuanzia uzembe mdogo hadi kosa kubwa. Kuna kitufe kinachokurudisha kwenye kila kosa ili utafute mwenyewe hatua bora zaidi. Hicho ndicho ningemwonyesha mwanafunzi kwanza. Lakini mashine huonyesha hatua bila kueleza sababu, na hapa ndipo mtu mzima anapohitajika. Mfano ni mtego ambao wanaozungumza Kifaransa huuita wa mchungaji: mweupe anafungua kwa pioni ya e4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), askofu wake anasimama c4, malkia anatokea h5, na mweusi asipoangalia, malkia anaila pioni ya f7 na mchezo unaishia hapo. Mpwa wangu alifungwa hivyo mara nne. Mashine ilimwonyesha pioni inayosogea hadi g6, basi. Ilibidi nikae naye nimweleze kwamba pioni hiyo inamfukuza malkia na wakati huohuo inaziba njia yake ya kufika f7, na kwamba inafaa kwa sababu farasi wa mweusi aliyekwisha kusimama c6 anailinda pioni yake ya e5. Siku iliyofuata alimzuia jirani yetu kwa hatua hiyohiyo, na safari hii alijua kwa nini.

Sehemu ya mazoezi ya mwisho wa mchezo ni nzuri vilevile, ingawa watoto huikimbia. Ingia hapo angalau ujifunze kumfunga mfalme aliyebaki peke yake ukiwa na mfalme na ngome, pamoja na namna wafalme wawili wanavyokabiliana pioni moja inapobaki. Ni kazi ya wiki mbili.

Kuhusu mtandao, programu hii haili mega nyingi, maana kinachotumwa ni maelezo mafupi ya hatua, si video. Tatizo ni kwamba muunganisho ukikatika saa yako inaendelea kukimbia, na kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, hilo huumiza. Jioni za aina hiyo tunacheza na mashine ndani ya simu, bila intaneti. Ngazi zake ni nane, na ya kwanza hufanya makosa ya kutosha kumpa mtoto moyo.

Kilichonigusa zaidi ni vyumba vya masomo, ambamo mtu hupakia mchezo wowote, akauandikia maelezo na kuurudia hatua kwa hatua. Tulipakia michezo ya Amon Simutowe, aliyezaliwa Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia, ambaye mwaka 2009 alikuwa mchezaji wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kupata cheo cha Grandmaster, cha juu kabisa katika sataranji. Mpwa wangu alidhani wachezaji wakubwa wote ni wa Urusi. Tangu siku ile huyu wa Ndola ndiye anayemtaja.

Kitu kimoja ambacho simu haitakufundisha ni kanuni ya kugusa. Kwenye ubao wa mashindano, kete uliyoigusa lazima uicheze, na mtoto aliyezoea kioo hunyoosha mkono kabla ya kufikiri. Mpwa wangu alimpoteza malkia kwa namna hiyo katika shindano la shule. Kwa hiyo tulimwomba fundi seremala atuchongee ubao, na sasa tunapocheza kwenye Lichess ubao huo unakaa mezani kando ya simu: hatua inachezwa kwanza kwenye mbao, kwa mkono mmoja, na ikishachezwa hapo ndipo tunaihamishia kwenye kioo.