Simu imevuka Ruvuma kabla yangu: uzoefu wangu wa romingi, laini ya Msumbiji na eSIM

Ukitaka kujua kama simu yako imeshahamia Msumbiji, usikimbilie kuangalia salio. Angalia saa. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu nyingi zinajirekebisha zenyewe kwa kufuata mnara zilioukamata. Ikiwa saa ya mkononi inasema saa tatu asubuhi, simu inasema saa mbili, na wewe bado umekaa Kilambo, upande wa Tanzania, unasubiri kivuko, basi mnara wa ng'ambo umeshakuchukua. Pembeni ya vijiti vya netiweki utaona herufi ndogo R, ya "roaming". Baada ya muda inaingia SMS ya kukukaribisha Msumbiji, na viatu vyako havijagusa hata tope la mtoni. Kuanzia hapo simu zako na data yako vinahesabiwa kwa bei ya nje. (Na ukiwa na alamu ya saa kumi alfajiri, italia saa kumi na moja ya kwetu. Kivuko hakikusubiri.)

Nimetumia njia tatu: romingi (yaani laini ya nyumbani kutumia mtandao wa nchi nyingine) kwa laini ya Tanzania ya kulipia kabla, laini ya Msumbiji kwenye tundu la pili la simu, na eSIM (laini isiyo na kadi, inayopakuliwa ndani ya simu) kwa safari za mbali zaidi. Kila moja ina kazi yake, na mwishowe nimebaki na mchanganyiko: laini ya Tanzania ibaki hewani kwa ajili ya SMS tu, data yote ipite kwenye laini ya kule.

Nianze na huku kwetu mpakani, kwa sababu hapa ndipo watu wanaliwa salio bila hata kusafiri. Mawimbi hayajui mpaka. Bonde la Ruvuma ni tambarare, hakuna mlima wa kuyazuia, na ukiwa Kilambo, Mahurunga au Kitaya mnara wa ng'ambo unaweza kukufikia vizuri kuliko wa kwako. Mtandao wako ukififia, simu inatafuta mwingine unaokubaliana nao, inaukamata, na ikishaukamata haina haraka ya kurudi nyumbani. Inaung'ang'ania mpaka udhoofike au wewe uilazimishe. Kuilazimisha ni rahisi: washa hali ya ndege, hesabu sekunde kumi na tano, zima. Ikirudi tena ng'ambo, ingia kwenye mitandao ya simu ndani ya setingi, ondoa uchaguzi wa kiotomatiki, subiri simu itafute (inaweza kuchukua dakika mbili au tatu), kisha chagua mtandao wako mwenyewe.

Hapo kwenye orodha kuna mtego. Kuna mtandao wenye jina lile lile pande zote mbili za mto. Vodacom iko Tanzania na Vodacom iko Msumbiji, ila kwa simu yako hiyo ni mitandao miwili tofauti, na kifurushi cha huku hakifanyi kazi kule. Simu nyingine zinaonyesha namba badala ya jina, na namba ndizo zisizodanganya: za Tanzania zinaanza na 640, za Msumbiji zinaanza na 643. Kwa hiyo 640 04 ni Voda ya huku, 643 04 ni ya kule. Ukichagua kwa jina bila kuangalia namba wala ile R, unaweza kujifungia mwenyewe kwenye mtandao wa nje ukidhani umejiokoa.

Uchaguzi wa mkono nao una gharama yake. Ukiingia sehemu ambayo mtandao wako haupo kabisa, simu itakaa bila huduma, haitatafuta mwingine. Kupiga 112 bado kunawezekana kupitia mnara wowote, lakini mama mkwe hatakupata.

Sasa romingi yenyewe. Kwa laini ya kulipia kabla, hasara kubwa kabisa ni salio lako lote. Likiisha, huduma inakatika. Laini ya ofisi ya kulipa mwisho wa mwezi haina ukuta huo, na ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu kumbukumbu za matumizi zinasafiri kutoka mtandao wa nje hadi wa kwako na bili inaweza kukukuta umesharudi zamani. Mwenye laini ya aina hiyo aombe kikomo cha matumizi kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Jambo linalowachanganya wengi ni kifurushi. Una GB 5 za mwezi, umevuka, umewasha data, kifurushi hakijapungua hata kidogo lakini salio la kawaida limekwisha. Si wizi. Kifurushi cha ndani ni cha ndani. Ukiwa nje simu inakula salio kuu, isipokuwa umenunua kifurushi cha romingi cha nchi hiyo hasa. Kinunue ukiwa bado Mtwara mjini, usome nchi zilizotajwa moja moja, na uangalie kinaanza kuhesabiwa lini: siku uliyonunua au siku uliyovuka.

Tufanye hesabu ya mfano tu, tuseme MB moja kule inatozwa shilingi 500. Kusoma meseji za maandishi za WhatsApp siku nzima ni vigumu kufika MB moja au mbili. Picha kumi za kundi la kamati ya harusi ni kama MB 2, hiyo ni 1,000. Video moja ya MB 16 ni 8,000. Programu moja ikijisasisha yenyewe kwa MB 100 huku simu iko mfukoni, ni 50,000. Ndiyo maana nasema mkosaji mara nyingi si maongezi yako, ni kazi ambazo simu inafanya kimyakimya: kuhifadhi picha mtandaoni, kusasisha programu, video za Facebook zinazojicheza zenyewe.

Swichi muhimu kuliko zote ni ile iliyoandikwa "Data roaming". Kwenye Samsung iko Connections, kisha Mobile networks. Kwenye Tecno, Infinix na itel ingia sehemu ya kadi za SIM, gusa laini husika, utaikuta. Kwenye iPhone ni Mobile Data (nyingine zimeandikwa Cellular), kisha ugusie laini husika. Izime kwa laini ya Tanzania, tena izime mapema, usisubiri kufika mtoni.

Lakini swichi hiyo inazuia data peke yake. Simu zinazoingia bado zinaingia, na ukiwa nje, anayepokea naye analipa. Hapa pana ubaya mmoja ambao watu hawaujui kabisa: simu usizopokea. Kama laini yako imewekewa kupeleka simu zisizopokelewa kwenye sanduku la sauti au namba nyingine, mpigaji anakupigia namba ya Tanzania, simu inasafiri hadi Msumbiji, inalia, hupokei, kisha inarudishwa tena Tanzania kwenye sanduku la sauti. Safari mbili za kimataifa, zote zinaweza kuandikwa kwako, na hukusema hata "haloo". Kabla ya kuondoka piga ##002# kufuta uhamishaji wote wa simu, kisha *#62# na *#61# kuhakiki kwamba umefutika. Fanya hivyo ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani, kwa sababu nje misimbo hii mara nyingine inagoma.

SMS zinazoingia ndiyo sababu ninaiacha laini ya nyumbani hewani. Benki ikituma namba ya uthibitisho, lazima ikufikie. Mitandao mingi haitozi SMS inayoingia, lakini inayotoka hutozwa, kwa hiyo usijibu. Wenye iPhone waangalie kitu kingine: ukibadilisha laini, iMessage na FaceTime hutuma SMS ya kimataifa kimyakimya ili kujisajili. Zizime zote mbili kabla hujagusa laini.

Laini ya Msumbiji. Kwa anayekwenda Palma, Mocímboa da Praia au Pemba (hii ni Pemba ya Cabo Delgado, usije ukakata tiketi ya Zanzibar), naipa nyota nne kati ya tano. Mitandao ni mitatu: Vodacom, Movitel na Tmcel. Uliza wenyeji wa unakokwenda upi unashika, usiulize wa hapa kivukoni. Beba pasipoti, maana laini inasajiliwa kwa jina. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ikifungiwa, huna pa kulalamikia. Lugha haitakusumbua sana kaskazini mwa Cabo Delgado, Kimakonde na Kiswahili vinakubeba, lakini dukani maneno manne ya Kireno yanarahisisha: "cartão" ni laini, "recarga" ni vocha, "saldo" ni salio, "megas" ni MB. Vocha ukishaiweka, nunua kifurushi kwanza ndipo uwashe data. Ukiwasha data kwanza, simu iliyokuwa na kiu itakunywa salio kwa bei ya bila kifurushi kabla hujamaliza kubonyeza menyu.

Simu yenyewe ihakiki kabla ya safari. Baadhi ya simu za mkopo zimefungwa, hazipokei laini ya mtandao mwingine. Jaribu kwa kuazima laini ya jirani hapo nyumbani.

Ukishaweka laini mbili, kuna swichi ya pili isiyosemwa sana, nayo imeshawaponza wengi waliodhani wako salama. Simu mpya zina uwezo wa kuhamisha data kwenda laini nyingine pale laini ya kwanza inapodhoofika. Samsung wanaiita "Auto data switching", iPhone "Allow Mobile Data Switching" au "Allow Cellular Data Switching". Fikiria: uko njiani, laini ya kule imekata au kifurushi kimeisha, simu kwa wema wake inahamia laini ya Tanzania ili usikose intaneti, kama "Data roaming" ya laini hiyo uliisahau bila kuizima. Izime. Zima pia "Wi-Fi Assist" ya iPhone, ambayo inaruka kwenda data ya laini pale Wi-Fi ya hoteli inapozorota. Kwenye Android ongeza kikomo cha data, tuseme MB 500, ikifika ijikate yenyewe.

WhatsApp itakuuliza kama unataka kubadilisha namba baada ya kuona laini mpya. Kataa, endelea na ile ya +255. Kuongea kwa sauti humo kunakula kama nusu MB hivi kwa dakika, na kwenye setingi zake kuna sehemu ya kupunguza data ya maongezi. Zuia upakuaji wa picha na video kwa data ya laini. Ile setingi ya "When roaming" haikusaidii hapa, kwa sababu laini ya Msumbiji ikiwa Msumbiji iko kwao. Namba za watu kwenye simu zihifadhi kwa +255 bila ile sifuri ya mbele, la sivyo ukipiga kwa laini ya kule haziendi. Na M-Pesa ya Msumbiji, jina ni lile lile, pochi ni nyingine. Fedha zako za huku hutazikuta kule.

eSIM naipa nyota tatu, si kwa ubaya wake, ila simu nyingi mikononi mwa watu wa huku haziikubali. Piga *#06#; ukiona mstari wa EID (namba ya eSIM ya simu yako) pamoja na IMEI, inaikubali. Uzuri wake unanunua na kuiweka ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi, laini ya Tanzania haichomolewi. Ubaya wake unalipia kwa kadi ya benki kwa dola, nyingi ni za data tu bila namba ya simu, na ukiifuta kwa bahati mbaya mara nyingi hairudi. Kwa anayekwenda India kwa matibabu, inamfaa siku za kwanza wakati laini ya kule bado inashughulikiwa. Kwa anayepitia Dubai, ajue kwamba Falme za Kiarabu zimezuia maongezi ya sauti na video ya WhatsApp. Meseji na sauti za kurekodi zinapita. Wapendwa waambiwe mapema, wasidhani umepotea.

Kwa wanaosafiri kwa meli au ndege: ukiona mtandao wenye namba inayoanza na 901, huo si wa nchi yoyote, ni wa setilaiti, na bei yake haina huruma. Hali ya ndege, basi.

Ukiona umekatwa bila haki, chukua picha ya kioo papo hapo: saa, jina la mtandao, ile R, na salio. Anza na huduma kwa wateja wa mtandao wako, uandikiwe namba ya lalamiko. Wasipokujibu, ndipo unakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na namba hiyo mkononi. Aliyekuwa Kilambo au Mtambaswala upande wetu, akakatwa kwa mnara wa ng'ambo, atahitaji picha hiyo kuliko maelezo.

Siku ya kurudi, ukishashuka kivukoni usiwashe data mara moja. Nenda kwanza uuache mto nyuma, angalia R imeondoka na saa imeruka mbele kwa saa moja. Kisha rudisha uchaguzi wa mtandao kuwa wa kiotomatiki, uhamishie data kwenye laini ya Tanzania, na laini ya Msumbiji uizime kwenye setingi bila kuichomoa.