Sherrin ya ngozi au ya sintetiki? Mpira wa footi na mbinu zake kwenye viwanja vya Mwanza

Timu itakayocheza footi ya Australia, mchezo wa mpira wa umbo la yai, kwenye kiwanja cha vumbi cha shule, iwe Igoma au Buswelu, inunue mpira wa sintetiki namba 4. Sherrin ya ngozi namba 5, ule mpira mwekundu wa mechi za AFL (ligi kuu ya footi Australia) za mchana (za usiku hutumia wa njano), ni kazi nzuri sana ya mikono, lakini umetengenezwa kwa ajili ya nyasi. Hapa Mwanza pa kuupeleka ni CCM Kirumba. Nyasi bandia za Nyamagana nazo zinaufaa, ila zinakwangua ngozi haraka kuliko majani halisi. Ukiupeleka kwenye changarawe, ncha zake mbili huchubuka kwanza, kwa sababu ndizo zinazogonga chini, na mpira uliochubuka ncha haurudi tena mkononi unapodundishwa.

Thomas William Sherrin alianza kuitengeneza mipira hii Collingwood, Melbourne, karibu na mwaka 1880, na mpaka leo ndiyo mipira rasmi ya AFL. Vipande vinne vya ngozi ya ng'ombe hushonwa kwa upande wa ndani, ganda likageuzwa, tyubu ikapitishwa kwenye mwanya ulioachwa, kisha mwanya ukafungwa kwa kamba. Sheria za mchezo zinataka mpira uwe na mzingo wa mm 720 hadi 730 ukipimwa kwa urefu, na mm 545 hadi 555 ukipimwa kiunoni. Namba 5 ni ya wanaume. Ligi ya wanawake, AFLW, iliyoanza 2017, hutumia namba 4, na hiyo ndiyo saizi ya kuanzia kwa yeyote ambaye kiganja chake hakijauzoea mpira wa umbo hili, awe mwanamke au mwanamume.

Wengi watauliza kama mpira wa raga hauwezi kufanya kazi hiyo. Kwa kudaka na kukimbia, unaweza. Kwa kupiga, hapana. Kiuno cha mpira wa raga ni mm 580 hadi 620, yaani umenenepa, na mchezaji anayejifunza kuuachia kwa mkono mmoja ili aupige hawezi kuudhibiti. Footi ni mchezo wa mguu: mpira haurushwi kabisa, ama unapigwa teke, ama unashikwa kwenye kiganja kimoja na kugongwa kwa ngumi ya mkono mwingine, ndiyo hendiboli. Ukijifunza kwa mpira mnene, siku ya mechi utaanza upya.

Sasa upepo wa ndani, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi yasiyo na haki dhidi ya mipira hii. Kiwango cha AFL ni kPa 62 hadi 76, sawa na psi 9 hadi 11 (vyote ni vipimo vya mgandamizo wa hewa). Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ina mgandamizo mdogo kuliko wa Dar es Salaam kwa kama kPa 13. Mpira uliojazwa vizuri Dar kwa kPa 70 ukafungwa kwenye begi, ukifika Mwanza geji itasoma kama 80 na kitu, ingawa hakuna aliyeugusa. Umeshapita kiwango. Ngozi inavutwa, mishono inapanuka, na mpira unaanza kuwa wa duara, jambo ambalo halirekebishiki. Kwa hiyo mpira ukishuka kwenye basi au ndege, upime kwanza kabla ya kuupiga. Jua nalo linachangia: kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka huongeza kama kPa 5. Mpira ulioachwa kwenye dashibodi ya gari mchana unaweza kuvuka kiwango kwa sababu hiyo tu.

Kompresa ya fundi matairi haifai. Inasukuma hewa nyingi kwa mkupuo, na geji yake imetengenezwa kwa ajili ya psi 30 na kuendelea, hivyo tofauti kati ya 10 na 13 huwezi kuisoma. Tumia pampu ya mkono yenye sindano, na geji ndogo ya mipira. Lowesha sindano kwa maji au mate kabla ya kuiingiza, maana sindano kavu huchana valvu, na valvu iliyochanika huvuja polepole hadi mtu adhani tyubu imetoboka. Jaza hadi psi 9, acha dakika chache, pima tena, kisha ongeza hadi 10. Kwa kiwanja kigumu bakia 9. Mpira mgumu kwenye ardhi ngumu unaruka ovyo, na wachezaji wanageuka watu wa kuukimbiza tu.

Teke la msingi ni drop panti, ambalo huufanya mpira uzunguke kinyumenyume, ncha juu ya ncha. Shika mpira kwa mikono miwili ubavuni, kamba zikitazama unakolenga, ncha ya juu ikiwa imeegemea kidogo kwako. Ukipiga kwa mguu wa kulia, mkono wa kulia ndio unaouongoza hadi chini na kuuachia usawa wa nyonga. Kidole gumba cha mguu kielekezwe chini, na juu ya mguu pakutane na ncha ya chini ya mpira. Kosa linalojirudia zaidi ni kuuachia kutoka kifuani. Katika zile sentimita za ziada mpira hulala upande, unagongwa tumboni na kwenda kama jani. Kosa la pili ni kuurusha juu kabla ya kupiga, mazoea ya golikipa wa soka. Kwa teke hili mpira wa ngozi ni bora waziwazi: unashika mguu, na mzunguko wake ni wa uhakika. Wa sintetiki hutoka mguuni mapema na hupoteza umbali. Hiyo ndiyo gharama ya kudumu kwake kwenye changarawe.

Tofauti hiyo ya umbali ndiyo inayopanga mbinu za mechi. AFL huchezwa na watu 18 kila upande kwenye kiwanja chenye umbo la yai, urefu wa mita 135 hadi 185. Kiwanja cha soka cha mita 100 kinabeba watu tisa vizuri: watatu nyuma, watatu kati, watatu mbele. Hakuna kuotea, kwa hiyo mpango huo ni wa kuanzia tu. Mpira ukishapigwa na kusafiri angalau mita 15, anayeudaka hewani kabla haujaguswa na mtu mwingine anapewa maki, yaani anasimama na kupiga bila kubughudhiwa. Kwa mpira wa sintetiki, panga mashambulizi ya mateke ya mita 20 hadi 25, maki baada ya maki. Ukiwaambia wachezaji wapige mita 45 kama wanavyoona kwenye AFL, utakuwa unamgawia mpinzani mpira.

Kisha kuna upepo wa ziwa. Asubuhi kwa kawaida hewa hutulia. Mchana ardhi ikishapata joto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mechi ya saa kumi jioni ni mechi nyingine kabisa na ile ya saa mbili asubuhi. Timu hubadilishana magoli kila robo, hivyo kila upande utapata robo mbili za neema ikiwa upepo unavuma kuelekea goli moja. Katika robo hizo usiwarundike washambuliaji wote mdomoni mwa goli, mpira utawapita juu. Mmoja akae golini, wawili waanze mita 25 nje na kuukimbilia unaposhuka. Upepo ukiwa usoni mwenu, mshambuliaji mmoja arudi, mcheze 4-3-2. Mateke yawe ya chini, usawa wa kifua, mita 15 na kidogo ili maki isipotee, na katikati ya mateke hayo pitisheni hendiboli fupi.

Upepo wa kukata kiwanja ndio unaosumbua zaidi. Husukuma kila kitu kwenye kona ya upande mmoja, na goli kutokea kona hiyo ni gumu. Anayeshambulia aanzie upande unakotoka upepo ili mpira usukumwe kuja katikati. Anayelinda afanye kinyume, akiupeleka mpira kwenye kona iliyokufa na kuung'ang'ania huko. Beki mmoja asiwe na mtu wa kukaba, asimame hatua kumi nyuma ya pale mpira unapotarajiwa kuangukia. Anayetaka kuona kazi hiyo ikifanywa kwa ubora amtazame beki Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya na kuingia kikosi bora cha AFL cha 2021 akiwa klabu ya Port Adelaide. Macho yake hufuata kudondoka kwa mpira, siyo mshambuliaji.

Anayekimbia na mpira lazima audundishe au auguse chini kila mita 15. Kwenye changarawe, uguse. Sheria inaruhusu, na udundaji wa huko ni bahati nasibu.

Kwa magoli, nguzo nne za mirunda kila upande zinatosha, umbali wa mita 6.4 kati ya moja na nyingine. Mbili za katikati ziwe na urefu wa mita 6 au zaidi, za pembeni mita 3. Teke likipita kati ya nguzo za katikati bila kuguswa ni pointi 6, likipita kati ya ya katikati na ya pembeni ni pointi 1. Msitumie goli la soka, kwa kuwa upana wake ni mita 7.32 na mtambaa wake wa panya unaua mateke ya juu.

Kuhusu uimara, mvua za masika ndizo zinazoua mpira wa ngozi. Unanyonya maji, unakuwa mzito, na mazoezi mawili ya hivyo mfululizo yanatosha kulegeza kamba. Ufute kwa kitambaa, uanike kivulini au sebuleni, usiuweke karibu na jiko la mkaa, kwani ngozi hukakamaa na kupasuka mshononi. Mshono ukifumuka, fundi viatu mzuri anaweza kuurudisha kwa sindano mbili na uzi mnene uliopakwa nta, lakini lazima atoe tyubu kwanza. Mwambie kabla hajaanza. Uzi mwembamba wa nyavu usikubali, ni imara mno na unakata ngozi. Wa sintetiki ukipasuka haushoniki, ndiyo maana inunuliwe angalau miwili.

Na kiwanja kikiwa kando ya maji, weka wavu wa zamani wa uvuvi nyuma ya goli la upande wa ziwa. Mpira unaelea, unaweza kusubiriwa au kuvutwa kwa mti mrefu. Mtoto asitumwe kuingia kwenye matete kuufuata, kichocho kipo.